Maji Safi kwa Macho: Nuru Inayopima Madini Ndani ya Maji na Damu

Umefundishwa mara nyingi kuchemsha maji ya kunywa. Fundisho hilo ni la kweli, ulishike sana. Moto unaua vijidudu vya kuhara, vya tifoidi na vya kolera. Lakini kuna adui mwingine ambaye moto haumwui. Ni madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, kama vile risasi, arseniki na kadimi. Chemsha maji hayo tangu asubuhi mpaka jioni, madini yatabaki. Tena mvuke ukiondoka na maji yakipungua, madini yale yale yatakuwa katika maji machache, na kila kikombe kitakuwa na sumu zaidi kuliko kwanza.

Weka chumvi ndani ya kikombe cha maji, ukoroge. Huioni tena, lakini ulimi wako unajua kwamba imo. Madini ya sumu ni mabaya zaidi, kwa sababu machache yanatosha kudhuru, na ulimi hausemi neno. Basi, nani atatuambia kama yamo? Wenye elimu wamepata shahidi mmoja mwaminifu, naye ni nuru. Katika kurasa hizi utajifunza namna nuru inavyopima madini, namna masini ya kazi hiyo ilivyotengenezwa vizuri zaidi na zaidi, na kazi yako wewe katika kipimo hicho.

Risasi inafanya nini mwilini?

Risasi ni madini mazito ya rangi ya kijivu. Imo ndani ya batri za motokari, katika rangi nyingine za kupaka, na katika mawe mengine ya migodi. Zamani iliwekwa katika esansi ya motokari pia. Desturi hiyo ilikwisha duniani pote mwaka 2021.

Risasi inaingia kwa kinywa na kwa pumzi. Damu inaichukua na kuipeleka katika ubongo, figo na mifupa. Katika mifupa inakaa miaka mingi. Mwanamke akipata mimba, risasi iliyokuwa imelala katika mifupa yake inaweza kutoka na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo yumo katika hatari kuliko mtu mzima, maana tumbo lake huchukua risasi mara 4 au 5 zaidi, na ubongo wake ungali unajengwa.

Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kufunga choo, kichwa kuuma, kukosa damu, hasira bila sababu, na kuchelewa kujifunza. Ikizidi, mtoto anashikwa na degedege, anazimia, anakufa. Umeona shida iko wapi? Dalili hizi zinafanana na za malaria, za minyoo na za magonjwa mengine mengi. Munganga akimtazama mtoto kwa macho tu hawezi kujua hakika.

Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nijeria, watu walikuwa wakichimba dhahabu. Mawe waliyaleta nyumbani, wakayaponda, wakayasaga kwa masini za kusagia nafaka. Hawakujua kwamba mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi likaanguka uani, mahali watoto wanapotambaa na kucheza. Watoto wakaanza kutapika na kushikwa na degedege. Kwanza watu walidhani ni malaria. Damu ya watoto ilipopimwa, risasi ikaonekana, tena nyingi mno. Watoto wasiopungua 400 walikufa katika msiba ule.

Baada ya kipimo, kazi ya kweli ilianza. Udongo wenye sumu uliondolewa katika vijiji, na watoto wakapewa dawa inayoshika risasi na kuitoa kwa mkojo. Ilikuwa lazima kusafisha ua kwanza. Kumpa mtoto dawa na kumrudisha katika vumbi lile lile ni kuteka maji kwa kikapu.

Kila madini na rangi zake

Sasa tuone namna nuru inavyotambua madini. Mama, umeona sufuria yenye maji ya chumvi ikifurika juu ya moto. Ndimi za moto zinageuka kuwa za manjano kabisa. Manjano hayo ni alama ya natiri, madini iliyomo katika chumvi. Shaba ikiwekwa motoni inatoa rangi ya kijani. Kila aina ya madini ina rangi zake, kama vile kila mtu ana alama za vidole vyake, na hakuna mwingine mwenye alama hizo hizo.

Katika mwaka 1814, Joseph Fraunhofer wa Ujerumani alipitisha nuru ya jua katika kioo kinachotenga rangi, kama upinde wa mvua unavyozitenga. Kati ya rangi akaona mistari myeusi mingi, akahesabu zaidi ya 500. Sababu yake haikujulikana vizuri mpaka mwaka 1859. Ndipo Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, katika mji wa Heidelberg, walipofahamu jambo hili: madini ikiwa katika hali ya mvuke inameza rangi ile ile ambayo yenyewe huitoa ikiwa motoni. Natiri inatoa manjano, na natiri inameza manjano. Mistari myeusi ya jua ni rangi zilizomezwa na mvuke unaolizunguka jua.

Hapo ndipo penye siri ya kipimo chetu. Kama mvuke wa risasi unameza nuru ya risasi tu, basi tupitishe nuru ya risasi katika mvuke, tuone imepungua kiasi gani. Ikipungua kidogo, risasi ni kidogo. Ikipungua sana, risasi ni nyingi.

Masini ya Alan Walsh

Jambo hilo lilijulikana karibu miaka mia moja kabla ya mtu kulitumia vema kwa kupimia. Alan Walsh alizaliwa Uingereza mwaka 1916, akahamia Australia mwaka 1946. Wakati ule wapimaji walizoea kutazama nuru inayotoka katika madini yaliyochomwa. Mwaka 1952 Walsh alifikiri kwamba ingefaa kutazama nuru inayomezwa. Mwaka 1955 akatangaza njia yake katika gazeti la wataalamu. Mwaka ule ule, huko Uholanzi, Alkemade na Milatz walitangaza njia ya namna hiyo pia.

Masini yake ina sehemu nne. Uzikumbuke, si ngumu.

1. Taa. Ndani yake mna kikopo kidogo cha madini ile inayotafutwa. Kupima risasi, wanatumia taa ya risasi. Kupima shaba, taa ya shaba. Nuru ya risasi haionekani kwa macho yetu, lakini masini inaiona.

2. Moto. Maji yanayopimwa yananyunyizwa motoni kama ukungu. Moto unayakausha na kuvunja vitu vyote mpaka madini inabaki peke yake, chembe moja moja. Chembe hizo ndogo kabisa zinaitwa atomi.

3. Mlango wa rangi. Huu unafungia nje rangi nyingine zote, unaruhusu ile moja tu kupita.

4. Jicho la masini. Hili linapima nuru iliyofika na kuandika namba.

Walsh aliona shida moja: moto wenyewe unatoa nuru. Jicho litajuaje ipi ni ya taa na ipi ni ya moto? Akaifanya nuru ya taa ipepese, iwake na kuzimika haraka haraka, na jicho lihesabu nuru inayopepesa tu. Ni kama mtu anayekupungia tochi usiku ng'ambo ya mto, mahali penye mioto mingi. Ukiona nuru inayowaka na kuzimika, unajua ndiye yeye.

Namna walivyoitengeneza vizuri zaidi

Masini ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na udhaifu. Wataalamu wa nchi mbalimbali walisaidiana kuuondoa, mmoja baada ya mwingine.

Udhaifu wa kwanza ni moto mdogo. Moto wa hewa na gesi ya asetileni unafika digri 2300 hivi. Kwa shaba, zinki na risasi unatosha. Lakini alumini na madini mengine hushikamana sana na oksijeni, wala hayaachani nayo katika moto huo. Mwaka 1965, huko Australia, J. B. Willis alionyesha faida ya kuchanganya asetileni na nitrosi oksidi, gesi ile ambayo wanganga huitumia kutuliza maumivu. Moto huo unapita digri 2600, na madini mengi yaliyokuwa yamekataa kupimwa yakakubali.

Udhaifu wa pili ni hasara. Sehemu kubwa ya maji yanayonyunyizwa haifiki motoni, inamwagika chini. Na chembe zinazofika zinapita mbele ya nuru kwa kufumba na kufumbua. Kwa risasi kidogo ya damu ya mtoto, hiyo haifai. Boris L'vov wa mji wa Leningrad alitengeneza njia nyingine mwaka 1959. Aliacha ndimi za moto, akatumia tanuri ndogo ya kaboni nyeusi, inayopashwa moto kwa umeme. Katika tanuri za siku hizi, ambazo ni bomba dogo kama ncha ya kidole, tone dogo linawekwa ndani. Kwanza linakaushwa polepole. Halafu joto linaongezwa ili vitu vya damu viungue na moshi utoke. Mwishowe joto linapandishwa ghafula, karibu digri 2000 kwa risasi, na chembe zote zinajaa bombani palipo na nuru. Gesi ya argoni inalizunguka bomba ili lisiungue. Kwa njia hii, damu ya kiasi cha nusu tone inaweza kutosha, tena inaonyesha risasi kidogo sana ambayo moto wa kwanza haukuweza kuionyesha.

Udhaifu wa tatu ni moshi. Damu na mkojo vina chumvi na vitu vingi, na moshi wake unazuia nuru. Masini ikadanganyika, ikaandika risasi isiyokuwapo. Basi wakaongeza taa ya pili, ya deuteri, yenye nuru pana. Moshi unazuia nuru ya taa zote mbili. Risasi inazuia hasa nuru ya taa yake. Masini inatoa hesabu ya pili katika hesabu ya kwanza, na kinachobaki ni risasi tupu.

Udhaifu wa nne ni risasi kukimbia mapema. Wakati wa kuunguza damu, risasi nyingine ilitoka pamoja na moshi kabla ya kupimwa. Wakaona kwamba wakitia kidogo chumvi ya fosfati au ya paladi, risasi inashikwa na kungoja joto kubwa.

Zebaki nayo ina njia yake. Hiyo inatoa mvuke hata bila moto. Kwa hiyo katika labo wanaitoa majini kwa dawa, wanapitisha hewa, na mvuke wake unakwenda baridi mbele ya nuru. Lakini angalia: jambo lile lile linalorahisisha kipimo ndilo linaloleta hatari nyumbani, maana anayechoma dhahabu yenye zebaki anavuta mvuke huo, yeye na watoto wake.

Kupima ni kulinganisha

Labda unauliza: masini inajuaje kiasi? Haijui yenyewe. Mtu wa labo lazima aifundishe kila mara. Anatengeneza maji yenye risasi ya kiasi anachokijua, anayapima kwanza, ndipo anapima damu yako.

Tuchukue mfano. Maji yasiyo na risasi yanapata alama 0. Maji yenye mikrogramu 10 kwa lita yanapata alama 20. Yenye mikrogramu 20 yanapata alama 40. Sasa damu ya mtoto, iliyochanganywa na maji mpaka kuwa mara 10, inapata alama 30. Alama 30 ni katikati ya 20 na 40, basi risasi ni mikrogramu 15 kwa lita. Lakini damu ilichanganywa mara 10, kwa hiyo damu yenyewe ina mikrogramu 150 kwa lita.

Je, hiyo ni nyingi? Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara 1,000,000. Shirika la Afya la Dunia, katika maagizo yake ya mwaka 2021, linasema mtu akionekana na mikrogramu 50 kwa lita ya damu, inapasa kutafuta risasi inatoka wapi na kuizuia. Mtoto wa miaka 10 au chini yake akifika 450, apewe dawa ya kuitoa. Tena hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakidhuru. Kwa maji ya kunywa shirika hilo linaweka mpaka wa mikrogramu 10 kwa lita. Gramu moja ya risasi, ikiyeyuka yote, inatosha kufikisha mpaka huo katika mapipa 500 ya lita 200. Umeona sasa kwa nini macho hayatoshi.

Kazi yako katika kipimo

Masini inayoona kitu kidogo namna hii inaona uchafu pia. Vumbi kidogo la mgodi juu ya ngozi, likiingia katika chupa, linaweza kumfanya mtu mzima wa afya aonekane mgonjwa. Kwa hiyo usikasirike ukiambiwa hivi:

Nawa mikono na mkono wote kwa sabuni kabla ya kutolewa damu, hata kama ulioga asubuhi. Ukiagizwa kuleta mkojo, kwanza vua nguo za kazi na kunawa.

Tumia chupa uliyopewa na labo tu. Usiioshe kwa maji ya nyumbani, usiguse ndani yake kwa kidole, usitumie kopo la dawa ya zamani. Kama unaleta maji ya kisima, mara nyingi mtu wa labo ataongeza asidi kidogo ili madini yasishike kando za chupa. Usiyanywe wala kuyamwaga.

Uwe na uvumilivu. Hospitali nyingi hazina masini hii, na damu inapelekwa mji mkubwa. Siku hizi kuna pia kipimo kidogo cha mkono kinachotumia tone la kidole, na kuna masini nyingine kubwa zinazopima madini mengi kwa mara moja. Namba ya juu ya tone la kidole inafaa ihakikishwe kwa damu ya mshipa.

Neno la mwisho ni kubwa. Masini inasema risasi ni ngapi, lakini haisemi imetoka wapi. Wewe ndiwe unayejua. Mwambie munganga kweli: kama unachimba, kama unayeyusha batri, kama mke wako anaosha mawe nyumbani. Munganga haulizi ili akushitaki. Ukimficha, mtoto atapewa dawa na kurudi kwenye sumu. Wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza mwaka 2009 kwamba watu wa Katanga waliokaa karibu na migodi na viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo kuliko waliokaa mbali, na watoto wao pia. Watoto wengi wa namna hiyo hawakushika sururu hata siku moja. Sumu iliwafuata nyumbani.

Mambo ya kufanya tangu leo

1. Usiponde wala kusaga mawe ya mgodi nyumbani, wala katika masini ya kusagia unga.

2. Kikulacho ki nguoni mwako. Vua nguo za mgodi kabla ya kumbeba mtoto, uzifue peke yake.

3. Usivunje wala kuyeyusha batri uani, na usichome zebaki ndani ya nyumba.

4. Sufuria zinazotengenezwa kwa vyuma vilivyookotwa zinaweza kuwa na risasi. Usizipikie vyakula vyenye uchachu.

5. Mama mwenye mimba, acha kula udongo wa pemba. Udongo mwingine una risasi. Kama hamu inakusumbua, mwambie munganga, maana huenda damu yako imepungua.

6. Nawisha watoto mikono kabla ya kula. Lowesha sakafu kabla ya kuifagia ili vumbi lisiruke.

7. Wape watoto maharagi, lengalenga, na ndakala pamoja na mifupa yake. Mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha huchukua risasi kidogo kuliko mwili wenye njaa.

Maulizo

1. Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi risasi?
2. Taa ya risasi inaweza kupima shaba? Eleza sababu.
3. Tanuri ya kaboni inashinda moto wa kawaida kwa jambo gani?
4. Kwa nini unaagizwa kunawa kabla ya kutolewa damu?
5. Katika nyumba yako au kwa jirani yako, kuna kazi gani inayoleta vumbi la madini? Utafanya nini juma hili?

Ulizo la tano halina jibu katika kitabu hiki. Ulizungumze na watu wa nyumba yako jioni ya leo.